Rilei: kutoka nyaya za telegrafu hadi gari la mjomba

Najua nimepotea. Wiki tatu zimepita bila neno kutoka kwangu, na wengine mmeanza kuuliza kama nimeacha kuandika. Sijaacha. Nilikuwa natafuta kidude kimoja ndani ya gari, na nilipokipata nikajikuta nimerudi darasani, kwenye somo nililolala mwaka wa pili wa shahada yangu ya sayansi ya tarakilishi. Leo nawasimulia yote mawili: kidude chenyewe na historia yake.

Gari si langu (mimi bado ni mtu wa matatu). Ni la mjomba wangu. Alhamisi moja alfajiri alinipigia simu.

"Mpwa wangu, wewe si ulisomea kompyuta? Gari limelala."

"Limelala vipi, mjomba?"

"Limelala chini kama ngamia. Nyuma kushoto ndiyo imeshuka kabisa."

Mjomba ana gari kubwa la Ulaya, la kifahari, lenye springi za hewa. Alilinunua likiwa limetumika, kama wengi wetu tunavyonunua. Sheria ya Kenya hairuhusu kuingiza gari la mtumba lenye zaidi ya miaka 8, kwa hiyo mengi hufika Mombasa yakiwa na miaka 7. Lake lilifika likiwa na miaka 7, na amekaa nalo miaka 4. Ndilo linalomlisha: hubeba maharusi wikendi na watalii siku nyingine. Jumamosi ile alikuwa na arusi. Gereji moja ilikuwa imemwambia kwamba kompresa imekufa na kuibadilisha ni shilingi 160,000. Hakuwa nazo.

Springi za hewa zilitoka wapi?

Gari la kawaida hubebwa na springi za chuma. Gari la mjomba hubebwa na mifuko minne ya mpira iliyojaa hewa, mmoja kila gurudumu. Kompresa ndogo inayoendeshwa kwa umeme hujaza hewa. Vipimo kwenye kila kona huiambia kompyuta gari liko juu kiasi gani, na kompyuta huamua kona ipi iongezwe na ipi ipunguzwe. Ndiyo maana magari haya hayainami nyuma hata ukijaza mizigo.

Wazo lenyewe ni la zamani. Mwaka 1954 basi la Scenicruiser la kampuni ya Greyhound huko Marekani lilikuwa likitembea juu ya springi za hewa. Mwaka 1957 Cadillac wakaziweka kwenye Eldorado Brougham, gari lililokuwa ghali kuliko mengi ya wakati wake. Mpira ulivuja, wenyewe wakachoka, na wengi wakazing'oa na kurudisha springi za chuma. Mercedes-Benz nao wakaja na 300 SE mwaka 1961. (Citroën DS ya mwaka 1955, inayotajwa sana katika hadithi hizi, ilitumia mafuta ya haidroli pamoja na gesi ya nitrojeni. Ni binamu, si ndugu.)

Katika magari hayo ya mwanzo, kazi ya kupima na kujaza ilifanywa na vali zenye vyuma vya kusukumwa. Hakukuwa na kompyuta. Mabadiliko makubwa yalikuja mwaka 1984, Lincoln walipotoa Continental Mark VII ikiwa na springi za hewa kwenye magurudumu yote manne, zikiongozwa kwa elektroniki na kujazwa na kompresa ya umeme. Range Rover wakafuata mwaka 1992.

Hapo ndipo tatizo letu linapozaliwa. Kompresa ya umeme ni mlaji. Ikiwaka hula ampea 20, 30, na pale inapoanza kuzunguka hula zaidi. Kompyuta ya gari ni kitu laini. Ukipitisha umeme wote huo ndani yake utaiunguza. Sasa kompyuta inawezaje kuiamuru kompresa bila kuguswa na umeme wa kompresa? Jibu ni rilei.

Kidude cha mwaka 1835

Rilei ni rahisi mno kiasi kwamba ukielezwa unaweza kudhani umefichwa kitu. Chukua waya mwembamba, uzungushe mara nyingi kwenye kipande cha chuma. Ukipitisha umeme kidogo, chuma hicho kinakuwa sumaku. Karibu yake weka kibati chenye springi. Sumaku ikiwaka, kibati kinavutwa na kugusa pointi, na pointi hizo ndizo zinazopitisha umeme mkubwa. Umeme wa koili ukikatwa, springi inakirudisha kibati na umeme mkubwa unakatika. Mdogo anaamuru mkubwa, na hawagusani hata kidogo.

Joseph Henry, mwalimu wa fizikia wa Marekani, alikuwa akiwaonyesha wanafunzi wake wa Princeton mpango wa namna hii kufikia mwaka 1835. Hakuuwekea hataza. Shida iliyofanya kidude hiki kihitajike ilikuwa umbali. Ukituma umeme kwenye waya mrefu, unachoka njiani. Ukifika mwisho hauna nguvu ya kusukuma chombo cha kuandika. Lakini unaweza kuwa na nguvu ya kuvuta kibati chepesi, na kibati hicho kikafungulia betri mpya, na betri mpya ikausukuma ujumbe mbele. Tarehe 24 Mei 1844 Samuel Morse alituma ujumbe wake maarufu kati ya Washington na Baltimore, kama kilomita 60, na kanuni ya rilei ilikuwa sehemu ya kazi yake.

Jina lenyewe limetokana na farasi. Zamani huko Ulaya mjumbe wa posta alibadilisha farasi aliyechoka kwa farasi mpya kituoni, kisha akaendelea na safari. Neno hilohilo ndilo la mbio za kupokezana vijiti. Ujumbe ni ule ule, nguvu ndiyo mpya.

Pwani yetu nayo imo katika hadithi hii. Mwaka 1879 kebo ya telegrafu ilipita chini ya bahari kutoka Aden hadi Zanzibar, ikaendelea Msumbiji mpaka Durban. Mwaka 1890 kebo nyingine ikaunganisha Zanzibar na Mombasa. Kebo ndefu za baharini zilikuwa na shida ya pekee: ishara ilifika ikiwa dhaifu kiasi cha kushindwa hata kuvuta kibati cha rilei ya kawaida. Ilisomwa kwa vyombo vyepesi sana alivyobuni William Thomson, ambaye baadaye aliitwa Lord Kelvin. Karani alikaa kituoni, akausoma mchoro wa wino unaotetemeka, kisha akautuma upya kwa mkono wake kwenye kebo inayofuata. Kwa maneno mengine, Zanzibar rilei ilikuwa binadamu. Kila nikiifikiria picha hiyo ya karani usiku wa manane, akipokea maneno yasiyomhusu na kuyasukuma mbele, naona ndiyo kazi inayofanywa leo na kila ruta ya intaneti.

Rilei inapoanza kufikiri

Hapa ndipo niliposinzia darasani, na sasa najuta.

Mwaka 1854 Mwingereza George Boole alichapisha kitabu cha hesabu za mantiki: kweli na si kweli, NA, AU, SI. Kwa zaidi ya miaka 80 kilibaki kitu cha wanafalsafa na wanahisabati. Kisha mwaka 1937 kijana wa miaka 21, Claude Shannon, aliandika tasnifu yake ya shahada ya uzamili huko MIT. Aliangalia saketi za rilei, aina iliyotumika kwenye mitambo ya simu, akaona kitu ambacho wengi walikuwa wamekipita. Rilei mbili zikipangwa mfululizo, umeme unapita pale tu zote zinapofunga. Hiyo ni NA. Zikipangwa sambamba, umeme unapita ikifunga moja tu. Hiyo ni AU. Rilei ambayo pointi zake hufunguka inapopata umeme ni SI. Basi hesabu za Boole unaweza kuzijenga kwa waya na sumaku, na saketi yoyote ya rilei unaweza kuiandika kwa hesabu za Boole ukairahisisha kwenye karatasi kabla ya kukata waya hata mmoja.

Mwaka huohuo wa 1937 George Stibitz wa Bell Labs aliunganisha rilei chache kwenye meza ya jikoni kwake, akapata mashine ya kujumlisha namba za mbili. Na tarehe 12 Mei 1941, huko Berlin, Konrad Zuse alionyesha mashine yake ya Z3: zaidi ya rilei 2,000, ikifuata programu iliyotobolewa kwenye utepe wa filamu. Mapigo yake yalikuwa kama 5 kwa sekunde. Simu uliyoshika mkononi hupiga zaidi ya bilioni moja kwa sekunde. Lakini wazo ni moja. Z3 iliteketea kwa mabomu mwaka 1943.

Kisha kuna ile hadithi ambayo kila mwandishi wa programu huipenda. Tarehe 9 Septemba 1947, mafundi wa kompyuta ya Harvard Mark II walifungua mashine iliyokuwa ikikosea. Wakamkuta nondo amekwama kwenye rilei namba 70, paneli F. Wakambandika kwenye daftari la kazi, na chini yake wakaandika kwamba huyu ndiye mdudu wa kwanza kupatikana kweli. Ulikuwa utani, kwa maana neno "mdudu" kwa hitilafu lilikuwepo tangu zama za Edison. Daftari hilo limehifadhiwa na makumbusho ya Smithsonian, nondo akiwa bado ndani yake.

Miezi mitatu baadaye, Desemba 1947, transista ilizaliwa Bell Labs, na rilei ikaanza kufukuzwa kwenye kompyuta. Ilikuwa nzito, ya polepole, na pointi zake ziliungua. Lakini haikufa. Ilibaki pale ambapo kazi ni kubeba umeme mwingi kwa bei ndogo. Ilibaki kwenye taa, kwenye honi, kwenye pampu ya mafuta. Na ilibaki mahali fulani ndani ya gari la mjomba.

Mahali gani?

Mimi, kwa ujuzi wangu wote wa shahada, nilianza kwa kusoma. Nikapata mchoro wa gari, nikaona imeandikwa: rilei ya kompresa iko chini ya dashibodi, upande wa kulia. Nikalala chali kwenye sakafu ya gari upande wa kulia, nikafungua skrubu zote nilizoziona. Saa mbili nzima. Nilipata sarafu ya Uingereza, peremende, na nyaya nyingi. Rilei hakuna.

Saa nane mchana tukamwita mzee mmoja, fundi wa waya wa Grogan aliyefanya kazi hiyo kabla sijazaliwa. Alinitazama nilivyojikunja, akauliza, "Kijana, hicho kitabu kiliandikiwa gari la usukani upande gani?"

Nikanyamaza. Mchoro ulikuwa wa gari la usukani kushoto. "Kulia" kwake ilikuwa kwa abiria. Kwetu, abiria yuko kushoto. Mzee akaniambia kwamba hata hivyo nisifanye hiyo kuwa kanuni, kwani kuna magari ambayo usukani huhamishwa na sanduku la fyuzi likaachwa palepale. Ndugu zangu waandishi wa programu, hii ni hitilafu tunayoijua vizuri: nilisoma nyaraka za toleo lingine.

Kisha akanifundisha kutafuta kwa masikio. Nawaandikia hatua zake kwa mpangilio.

Kwanza, mfuniko wa sanduku la fyuzi. Mara nyingi una picha ya kila kilichomo. Rilei hukaa chini ya boneti, chini ya dashibodi, nyuma ya kisanduku cha glavu, chini ya kiti, au kwenye buti karibu na betri. Akaangalia pia fyuzi kubwa ya kompresa. Ilikuwa nzima.

Pili, sikio na kidole. Mjomba aliwasha gari na kubonyeza kitufe cha kuinua. Mzee alikuwa ameweka kiganja chini ya dashibodi upande wa abiria. Tik. "Umesikia? Tena." Mjomba akazima, akawasha, akabonyeza. Tik. Akaivuta: kisanduku cheusi kidogo kama kiberiti. Ule mlio ulimwambia jambo kubwa: kompyuta ilikuwa inatoa amri na koili ilikuwa inaitika. Tatizo liko baada ya hapo.

Tatu, namba. Chini ya rilei kuna miguu yenye namba 30, 85, 86 na 87. Ni utaratibu wa Kijerumani uitwao DIN 72552, na umeenea kwenye magari ya Ulaya. 85 na 86 ni koili, 30 ni umeme unaotoka kwenye betri, 87 ni umeme unaokwenda kwenye kazi. Magari mengi ya Kijapani huandika 1 na 2 kwa koili, 3 na 5 kwa swichi. Mzee hakuwahi kuliona gari la aina ile ndani, lakini namba zile zilimtosha. Fundi wa Berlin na fundi wa Grogan hawajawahi kuonana, ila wanaelewana kwa tarakimu nne. Sisi hukaa kwenye mikutano miezi sita tukibishana jinsi programu mbili zitakavyozungumza.

Nne, kipimo. Mguu wa 30: volti 12 na zaidi, sawa. Koili inapata umeme, sawa. Mguu wa 87, rilei ikiwa imelia tik: hakuna kitu. Pointi zimeungua. Ili kuthibitisha, akaunganisha tundu la 30 na la 87 kwa waya mnene wenye fyuzi, kwa sekunde chache tu. Nyuma ya gari kompresa ikanguruma. Ile ile iliyokwisha kuzikwa kwa shilingi 160,000.

Mjomba karibu acheze.

Ila mzee hakucheka

Aliibandua rilei kifuniko kwa bisibisi, akatuonyesha. Pointi zilikuwa nyeusi, zimechimbika kama jino bovu. "Hii haikujiua," akasema. "Imeuawa." Akachanganya maji na sabuni kwenye chupa, akanyunyizia mfuko wa hewa wa nyuma kushoto. Mapovu yakatoka kwenye mkunjo wa mpira, taratibu, kama chai inayoanza kuchemka.

Hapo mlolongo wote ukaeleweka. Mpira ulizeeka ukapasuka kidogo. Hewa ikawa inatoroka usiku, kompyuta ikaona kona imeshuka, ikaiamuru kompresa ijaze, mara nyingi kuliko ilivyokusudiwa. Kila kuwaka kuna cheche kwenye pointi, na cheche nyingi zikazila. Tulikuwa na bahati kwamba pointi zilikufa zikiwa wazi. Zingeweza kushikana kwa joto, na hapo kompresa haizimiki hata kompyuta ikiamuru. Ingezunguka mpaka iungue kweli, na ile gereji ingekuwa na haki kuhusu bei yake.

Mjomba akasema, "Weka rilei mpya tu, mzee. Jumamosi nina harusi. Mfuko nitabadilisha mwezi ujao."

Mzee akamjibu kwa upole, "Bwana, naweza kuiweka, ni shilingi 1,500. Lakini ukiwa na bibi harusi kiti cha nyuma na gari likalala njiani, utakuja kuniuliza mimi."

Kimya kilikuwa kirefu. Mimi niliijua ile sura ya mjomba, kwa sababu ni sura yangu mwenyewe kila Ijumaa jioni ninapoanzisha upya seva badala ya kutafuta kwa nini imeanguka. Mwisho akachukua simu, akampigia rafiki yake, akakodi gari la arusi. Faida yote ya Jumamosi iliishia hapo. Wiki iliyofuata mfuko ukabadilishwa, rilei ikabadilishwa, na gharama ya vyote viwili haikufika hata theluthi ya ile ya kompresa.

Angalizo kwa wanaotaka kujaribu nyumbani: usiingie kamwe chini ya gari lililobebwa na hewa, kwani linaweza kushuka bila kukuaga. Weka stendi za chuma. Kwenye Lincoln nilizotaja hapo juu kuna swichi ndani ya buti ya kuzima mfumo wa hewa kabla ya kupiga jeki, na yako huenda ina kitu cha namna hiyo. Ukibadilisha rilei, chukua yenye ampea zilezile na mpangilio uleule wa miguu. Kufanana kwa umbo hakutoshi.

Rilei ya zamani nilimwomba mzee. Iko hapa mezani, kando ya kibodi, haina kifuniko. Nikiibonyeza kibati kwa kidole inalia tik, sauti ambayo Z3 ilikuwa nayo kwa maelfu. Programu yangu ikikataa kufanya kazi, huibonyeza mara moja kabla sijaanza kumlaumu mtu, kisha natafuta mpira unaovuja uko wapi.

Wenye magari ya springi za hewa, niandikieni: yenu mliikuta imejificha wapi? Hadi wakati mwingine, kwaherini.